Si Ulafi, Ni Mila

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na baragumu?
— Lililia!
Palikuwa na mbwa?
— Walibweka!
Na mwenye akili alifanya nini?
— Alinyamaza!

Basi nyamazeni na nyinyi. Kuku yuko motoni, bado mgumu, na mimi mjomba wenu siwezi kukaa nikimtazama kuku mgumu bila kusema neno. Ila kabla sijaanza tuelewane: firigisi ni langu. Tangu enzi na enzi firigisi huliwa na mwanamume mkubwa wa nyumba, na leo mkubwa ni mimi. Asiguse mtu.

Hapo kale, mbali huko Ufaransa, palikuwa na msitu wa mialoni, mnene, hata jua likiingia lilikuwa linauliza njia. Ndani ya msitu huo aliishi kalunguyeye. Kalunguyeye mnamjua: mdogo, hazidi kifuu cha nazi, tumbo laini, mgongo wote miba, na akitishwa hujikunja akawa mpira. Huyu aliitwa Bi Mwiba. Miguu yake mifupi, pua yake ndefu, maneno yake ndiyo usiseme.

Sasa, huko kwao kuna miezi ya baridi, maji yanageuka mawe. Kalunguyeye hawezi kustahimili baridi ile. Hulala. Wala halali kama nyinyi mnaoamshwa na harufu ya maandazi. Hulala miezi mitano mfululizo, moyo unapiga du... unasahau... halafu unakumbuka tena, du. Lakini ili asife usingizini lazima afunikwe na rundo kubwa la majani makavu. Na kwa mikono yake ile, Bi Mwiba aliweza kubeba jani moja, tena kwa kupumzika njiani.

Aliyemfunika kila mwaka ni Mzee Ayala. Ayala ni mnyama wa ukoo wa kulungu, ila ni mkubwa, na pembe zake zina matawi kama mti. Za mzee huyu zilikuwa na matawi kumi. Majani ya mialoni yakishaanguka, Mzee Ayala aliinamisha kichwa akayakokota kwa pembe: chwaa! chwaa! chwaa! mpaka Bi Mwiba haonekani.

"Lala salama, Bi Mwiba."

"Nawe nikiamka nikukute salama, Mzee Ayala."

Miaka minne walifanya hivyo, na mzee hakuwahi kumwomba hata asante. Mwaka wa tano alimwambia, "Vumilia kidogo, majani bado yana maji. Kesho nitakufunika." Bi Mwiba akasema haya, akapiga miayo.

Mnanisikia?
— Tunakusikia!

Siku yenyewe ilikuwa tarehe tatu Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Huberti, ambaye wawindaji wa huko humwita mlinzi wao. Siku hiyo, kabla ya msako, mbwa huenda kanisani. Ndiyo, mbwa! Acheni kucheka, kila watu na yao. Mbwa sitini wa Bwana Baroni, mwenye msitu, waliingia kwa mistari, wakanyooka kuliko baadhi ya waumini ninaowajua. Wanaume wenye makoti mekundu wakainua mabaragumu ya shaba yaliyojizungusha kama nyoka aliyeshiba, wakapiga wimbo wa Huberti: Tuuu-tutu-tuuuu!

Na kila wimbo huo unapopigwa, mbwa wote huketi kitako: pu! Kwa nini? Kwa sababu wimbo ukiisha padri huwabariki, na wakishabarikiwa kila mbwa hupewa kipande cha mkate mtamu wa mayai. Wimbo, kitako, mkate. Mama zao walifanya hivyo, bibi zao walifanya hivyo: wimbo, kitako, mkate.

Bi Mwiba alikuwa chini ya benchi, amefuata makombo. Padri Anselmi akapanda mimbarini akasimulia yale anayoyasimulia kila mwaka: kwamba Huberti alikuwa mwindaji asiyejua Jumapili wala Ijumaa Kuu; kwamba siku moja alikutana na ayala mwenye msalaba unaong'aa katikati ya pembe; kwamba alishuka farasi, akapiga magoti, akaacha kuwinda, akawa mtu wa Mungu.

Bi Mwiba alishangaa kama anavyoshangaa kila mwaka. "Aliacha kuwinda, nao wanawinda kwa jina lake? Binadamu bwana!" Akaendelea kutafuna.

Mbele yake aliketi Brifo. Brifo ndiye kiongozi wa wale sitini, mbwa mkubwa kama ndama, na nguvu zake ni za kweli, siyo za maneno. Mkate wake aliumeza mzima: gluk! Akachukua wa jirani wa kulia: gluk! Akachukua wa jirani wa kushoto: gluk!

"We Brifo," Bi Mwiba akanong'ona, "mbona unakula vya wenzio?"

"Si ulafi," Brifo akajibu huku anajilamba, "ni mila. Mbwa wa mbele hula mbele."

"Haya. Na leo mnamsaka nani?"

"Ayala wa matawi kumi. Alfajiri mtu wetu alipita na mbwa wa kunusa, akaona nyayo kwenye tope, akazipima kwa vidole, akaja kutoa taarifa kwa Bwana Baroni, kofia mkononi. Ni yule mzee wa bondeni."

Kombo likamponyoka Bi Mwiba mdomoni.

"Akishakufa," Brifo akaendelea, macho yamemlegea, "mguu wake wa mbele wa kulia hukatwa, nao hupewa mgeni wa heshima. Leo ni mke wa mkuu wa wilaya. Halafu matumbo na maini yanafunikwa na ngozi yake mwenyewe, mtu anashika pembe anakitikisa kichwa, nasi tunangoja, tunangoja, udenda unatiririka. Halafu tunaachiwa! Maini yangu. Figo zangu. Na ya wenzangu pia yangu."

"Loo! Huo si ulafi?"

"Si ulafi, ni mila."

Bi Mwiba hakungoja baraka ya mwisho. Alitoka chini ya mlango, akakimbia kiti-kiti-kiti, akateleza kwenye ukoka, akainuka, kiti-kiti-kiti. Nasema wazi: aliogopa. Alimhofia mzee, akajihofia mwenyewe, na hofu hizo mbili alishindwa kuzitenganisha. Mzee akifa leo, nani atamkokotea majani kesho? Theluji ya kwanza ingemkuta wazi, na ya pili isingemkuta hai.

"Mzee Ayala! Mzee Ayala! Leo ni wewe!"

Mzee Ayala aliinua kichwa, akamalizia kutafuna. "Mimi? Wamenichagua mimi?" Kifua kikamvimba. "Hiyo ni heshima, Bi Mwiba. Baba yangu alikwenda hivyo, na babu yangu pia. Wale watu wana wimbo wa kila jambo. Nikionekana, wana wimbo wake. Nikivuka maji, wana wimbo wake. Nikifa, wana wimbo wake, tena wote wanavua kofia. Wewe nani amewahi kukuvulia kofia?"

"Hata kuku wa sikukuu hupigiwa ngoma, Mzee. Lakini hachezi."

 Mzee akautazama mguu wake wa mbele, ule wa kulia, wa mgeni wa heshima.

"Bi Mwiba," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sitaki kufa."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Bi Mwiba akajikuna kwa mguu wa nyuma, maana ndivyo anavyofikiri. "Umesema wana wimbo wa kila jambo."

"Wa kila jambo."

"Wana wimbo wa ayala mwenye msalaba?"

"Huo sijawahi kuusikia. Tangu yule wa Huberti hajaonekana mwingine."

"Basi wakimwona watapiga ule wa kanisani," akasema Bi Mwiba, na pua yake ikaanza kucheza. "Hawana mwingine. Inamisha kichwa, Mzee."

Akaokota vijiti viwili vikavu, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Akavipachanisha, akavifunga kwa uzi wa mmea unaotambaa, akapanda puani kwa mzee, akapita kwenye paji la uso, akakaa katikati ya pembe akiushika msalaba wake kwa mikono miwili.

"Nikikwambia simama, simama," akasema. "Na usikimbie tena. Mnyama mtakatifu hakimbii."

Hapo hapo baragumu likalia upande wa juu. Taa-ta-taa! Huo ni wimbo wa kumwona. Na mbwa: bwee-bwee-bwee! Mzee Ayala akatimka. Pu-dum! pu-dum! pu-dum! Bi Mwiba juu, Bi Mwiba chini, Bi Mwiba kushoto, matawi yanamchapa, majani yanamwingia mdomoni, naye ameng'ang'ania vijiti vyake kama muumini wa kweli.

Wakavuka barabara. Brifo nyuma: bwee!
Wakavuka shamba la kabichi. Brifo nyuma: bwee!
Wakafika mtoni. Mzee akajitupa: chubwi! Baragumu likalia: Tilili-tuu! Huo ni wimbo wa majini. Walipotoka ng'ambo, Bi Mwiba akatazama mkononi mwake. Uzi umelowa, umefunguka, na kijiti kifupi kinaelea kinakwenda zake. Amebaki na kimoja.

Kijiti kimoja si msalaba. Kijiti kimoja ni kijiti.

"Mzee, bado una mbio?"

"Sina tena, Bi Mwiba. Miguu imekwisha."

Mbele yao palikuwa na uwazi, na jua la Novemba lilikuwa limeinama nyuma ya miti. Bi Mwiba akawaza haraka, na alilowaza hakulipenda hata kidogo. Kalunguyeye ana kinga moja tu duniani, kujikunja. Tangu azaliwe hajawahi kumwonyesha mtu yeyote tumbo lake.

"Simama," akasema.

Mzee akasimama uwazini, akageuka kuwakabili. Bi Mwiba akakisimamisha kijiti katikati ya pembe, akakiegemeza mgongo, akanyoosha mkono mmoja kulia na mmoja kushoto. Tumbo wazi. Macho akayafumba.

Mbwa wakatokea. Farasi wakatokea. Wa kwanza alikuwa Bwana Baroni, koti jekundu, uso mwekundu, mdomo tayari kuamuru. Akaona ayala wa matawi kumi amesimama wima, hakimbii. Akaona msalaba katikati ya pembe. Akaona kila upande wa msalaba miale, miale, miale, jua likipita katikati ya miba.

"Mama yangu!" akasema Bwana Baroni, akaanguka kutoka kwenye farasi, magoti kwenye tope, kofia mkononi.

Wote wakavua kofia, wote wakainamisha vichwa. Mpiga baragumu mkuu alihangaika. Apige wa kumwona? Alishaupiga. Wa majini? Hapana maji. Wa kifo? Hajafa mtu. Ukabaki mmoja tu aliokuwa nao kichwani kwa jambo la namna hii. Akavuta pumzi: Tuuu-tutu-tuuuu!

Na mbwa?
— Pu!

Mbwa hamsini na tisa wakaketi kitako, midomo juu, wakingoja mkate.

Na Brifo? Makalio yake yalikaa, pua yake ikakataa. Makalio yanasema wimbo, kitako, mkate. Pua inasema nyama. Akainuka pole pole, akanyemelea mpaka chini ya koo la Mzee Ayala.

"Bi Mwiba," akanguruma, "ninakunusa."

"Nyamaza, tuko ibadani."

"Watu wana macho tu. Mimi nina pua. Koo hili nalishika sasa hivi."

Mzee Ayala alisikia pumzi ya moto shingoni. Hakusogea. Alikuwa ameambiwa asikimbie, na alimwamini aliyemwambia. Lakini Bi Mwiba, kule juu, alisikia mtetemeko wa mzee mpaka kwenye nyayo zake, akajua hapana pumzi ya kupoteza.

"Brifo," akanong'ona, "koo ni la mbwa wa nyuma. Ngozi ngumu, mishipa mitupu. Kiongozi mzima hujui? Hebu tazama huku juu. Tumbo langu hili, laini, jeupe, halina mfupa hata mmoja. Mimi nimeshachoka, wala sipigani tena. Ila kama umeshiba mikate..."

Brifo akatazama. Kweli tumbo laini. Kweli jeupe. Udenda ukadondoka: to! to!

"Si ulafi," akasema, akirudi nyuma hatua mbili.

"Ni mila," akamalizia Bi Mwiba.

Brifo akaruka, mdomo wazi kama mlango wa ghala. Bi Mwiba akamngoja. Akamngoja mpaka akayaona magego. Kisha akajikunja: kwap! Na Brifo akafumba mdomo.

"WAAAUUUWAAAUUU!"

Hicho si kilio cha mbwa mmoja. Hicho ni kilio cha ulimi, ufizi, kaakaa na pua, kila kimoja kinalia kwa sauti yake. Alimtema Bi Mwiba, akaangukia mgongo, akajigaragaza.

Watu wakainua vichwa. Wakaona nini? Msalaba haupo. Mbwa hamsini na tisa wameketi kwa adabu. Na mmoja tu, yule mlafi, anatapatapa miguuni pa mnyama mtakatifu, mdomo umejaa kitu kama miale ya jua.

"Amejaribu kuila ishara!" Bwana Baroni akafoka. "Siku ya Huberti! Mbwa asiye na dini!"

Brifo akataka kujieleza. Akataka kusema ni kalunguyeye, ni hila, ni yule wa chini ya benchi. Lakini ulimi ulikuwa umevimba, ikatoka "Hi huhahi, hi hiha." Akavutwa sikio mpaka bandani.

Mzee Ayala akageuka akaondoka, tena kwa mwendo wa taratibu kama bwana harusi. Alipofika kwenye kichaka akainama, na mpira mdogo wa miba uliokuwa umebingirika nyasini ukajifungua, ukampanda puani.

Haya, mnataka kujua yaliyofuata. Bwana Baroni aliapa mbele ya watu wote kwamba hatawinda ayala tena maisha yake yote. Alikaa na kiapo chake wiki nzima. Kisha akamuuliza Padri Anselmi kama kiapo kile kilihusu ayala wote, au wa bondeni tu. Padri akala chakula cha mchana kwa Bwana Baroni, kikiwa kizuri sana, akaona ni wa bondeni tu. Basi bondeni hawakanyagi hata leo.

Mke wa mkuu wa wilaya alikuwa amefika kwa ajili ya mguu, na mgeni harudishwi mikono mitupu. Wakamvulia kofia, wakampa kijiti kimoja kikavu kilichookotwa uwazini. Amekiweka sebuleni kwenye kioo. Na kanisani wamechora picha mpya ukutani: ayala, pembe, msalaba, na kuzunguka msalaba miale mingi mifupi, ya kahawia. Padri anaeleza kuwa ni nuru. Bi Mwiba kila akipita chini ya benchi huitazama, akaona kwamba pua yake wameisahau.

Brifo alikula uji wa maziwa mpaka mwezi wa pili.

Na kesho yake baada ya msako, majani yalipokauka, Mzee Ayala aliinamisha kichwa: chwaa! chwaa! chwaa! Alikokota sana mwaka ule, akakokota hata majani ya jirani. Rundo lilipofika kimo chake akasimama akijikuna pembe kwenye mwaloni, maana wazee wenye pembe kubwa hawana mazoea ya kushukuru.

"Bi Mwiba," akasema mwishowe, "kofia sina. Lakini ningekuwa nayo, ningekuvulia."

 Bi Mwiba, ndani ya majani, alikuwa ameshalala.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo ni chai bila sukari. Funzo la kwanza: mwenye nguvu mpishe. Mdogo akiona mambo ya wakubwa, akae kwake, ajifunike majani, asijitie kimbelembele. La pili: uongo ni mbaya, na uongo wa mambo matakatifu ni mbaya zaidi, haujawahi kumsaidia mtu. La tatu, kubwa kuliko yote: mwacha mila ni mtumwa. Mila ikisema kitu ni cha mkubwa, ni cha mkubwa, wala mdogo asiulize. Hayo nimeyatoa kwenye ngano hii hii, na asiyeyaona ana macho mabaya.

Ngano yangu naifukia kwenye majani. Atakayeifukua kabla haijaamka, aandae uji.

Haya, fungueni sufuria, kuku ameiva. Nipeni firigisi langu.

Liko wapi?

Nauliza, liko wapi? Nimefunga macho mara moja tu, pale Bi Mwiba alipofumba yake. Nani kafunua hiki kifuniko? Mbona nyote mmeketi kitako kwa adabu? Wewe uliye karibu na moto, unatafuna nini?

— Si ulafi, mjomba.